Kifaa Kikianguka, Kijue Kimeanguka: Mwongozo Kamili wa Kihisi Mwendo Kinachokula Umeme Kidogo

Miradi ya vifaa vya kutambua mwanguko inayoletwa kwangu ikiwa imekwama hufanana kama mapacha. Mtu amepata kihisi mwendo (accelerometer, chipu inayopima mabadiliko ya kasi), amekiunganisha, ameandika programu inayosubiri kishindo kikubwa, kisha analalamika mambo mawili kwa mpigo: kifaa kikiwekwa mezani kwa nguvu kinadai kimeanguka, na kikianguka kweli kinanyamaza. Mimi mwenyewe nilikaa wiki mbili na tatizo hilohilo, nabadilisha namba za programu usiku hadi usiku, kumbe kosa halikuwa kwenye namba.

Kosa ni kutegea kishindo. Kihisi kilichotulia mezani hakisomi sifuri, kinasoma 1 g (g ni kiwango cha mvutano wa dunia), kwa sababu meza inakisukuma kwenda juu. Kikiachiwa hewani msukumo huo unatoweka, na pande zake zote tatu zinashuka kuelekea sifuri kwa wakati mmoja. Ukimya huo wa sehemu ya sekunde ndio alama ya mwanguko. Kishindo kinakuja baadaye kuthibitisha tu. Kazi yote hapa chini ni kukifundisha kifaa mfuatano huo, ukimya kisha kishindo, bila kumaliza betri.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kihisi cha ADXL345 kikiwa kwenye kibao chake. Nimekichagua kwa sababu kina uwezo wa kutambua mwanguko ndani yake chenyewe, na kwa sababu ndicho wengi walichonacho.
- Bodi ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya ATmega328P inayotumia volti 3.3 na megahezi 8, mfano Arduino Pro Mini. Bodi ya volti 5 usiiunganishe moja kwa moja.
- Kapasita tatu: 0.1 µF, 1 µF na 100 µF.
- Betri mbili za AA na kishikio chake.
- Multimita yenye kipimo cha mikroampia.
- Vifaa vya kulehemu, nyaya fupi, na skrubu ndogo au gundi ngumu.
- Mto, godoro, na rula ndefu ya ukutani.

Onyo kabla hujagusa chochote: kihisi hiki kinataka volti 2.0 hadi 3.6. Betri ya lithiamu ya simu ikijaa inafika volti 4.2, na hiyo inatosha kukiua. Ukiitaka betri hiyo lazima upitishe umeme kwenye kirekebisha volti kwanza.

## Hatua ya 1: Amua ni mwanguko wa urefu gani unaoujali

Wengi huiruka hatua hii, halafu hatua ya tano inawashinda. Huwezi kuchagua muda wa ukimya kama hujui kifaa kitakaa hewani kwa muda gani. Hesabu ni moja: muda ni kipeuo cha pili cha urefu mara mbili ukigawanywa kwa 9.81. Nimekufanyia:

| Urefu | Muda hewani (ms = milisekunde) |
|---|---|
| sm 10 | ms 143 |
| sm 20 | ms 202 |
| sm 50 | ms 319 |
| sm 75 (kimo cha meza) | ms 391 |
| m 1 | ms 452 |
| m 1.5 | ms 553 |

Tazama jinsi muda unavyokua polepole kuliko urefu. Kutoka sm 10 hadi m 1 urefu umeongezeka mara kumi, lakini muda umeongezeka mara tatu na kidogo tu. Ndiyo maana kuusogeza muda wa ukimya kwa ms 50 kunakula sentimita nyingi kuliko unavyodhani.

Mimi hutumia ms 150, sawa na mwanguko wa takriban sm 11. Chini ya hapo unaanza kukamata mikono inayoshusha kifaa haraka. Mtengenezaji anapendekeza kati ya ms 100 na 350, lakini usikimbilie 350: mwanguko wa ms 350 ni wa sm 60, kwa hiyo kitanda, kiti na kochi vyote vitakuwa vimepita bila kuonekana.

Ukimaliza hatua hii uwe na sentensi moja kwenye karatasi, mfano: "Nataka kukamata mianguko yote kuanzia sm 20." Usiendelee bila hiyo.

## Hatua ya 2: Unganisha nyaya

Unganisha hivi:

- VCC ya kihisi kwenye VCC ya bodi, GND kwenye GND.
- SDA kwenye A4, SCL kwenye A5.
- CS kwenye VCC. Pini hii ikiachwa inaning'inia, kihisi hakina uhakika kizungumze lugha gani kati ya mbili zake, I2C (tunayoitumia hapa) au SPI, na utapata mawasiliano yanayokuja na kupotea.
- SDO kwenye GND. Hii inakipa kihisi anwani ya 0x53 (0x huanzisha namba ya msingi wa 16). Ukiipeleka kwenye VCC anwani inakuwa 0x1D.
- INT1, pini ambayo kihisi hutolea ishara, kwenye pini ya 2 ya bodi.

Weka kapasita ya 0.1 µF na ya 1 µF karibu kabisa na pini za umeme za kihisi. Ile ya 100 µF iweke kwenye nyaya za betri, na usiione ya anasa, kazi yake utaiona hatua ya saba.

Betri ziingie kwenye VCC, si RAW. Ukipitia RAW umeme unapita kwenye kirekebisha volti cha bodi, ambacho hakina volti za kutosha kutoka kwa AA mbili, na kinakula kidogo hata kifaa kikiwa kimelala.

## Hatua ya 3: Hakikisha kihisi kinajibu

Soma rejista 0x00 (rejista ni kisanduku kidogo cha namba ndani ya kihisi). Jibu sahihi ni 0xE5, na hakuna jingine.

Ukipata 0x00 au 0xFF, usiguse programu. Rudi kwenye nyaya, na anza na CS na SDO. Nimeona watu wakibadilisha maktaba tatu za programu wakati tatizo lilikuwa lehemu iliyopoa vibaya kwenye pini moja. Soma rejista hiyo mara mia mfululizo, na majibu yote mia yawe 0xE5. Likikosekana hata moja, hapo pana waya uliolegea, na waya uliolegea mezani utachomoka kabisa kwenye mwanguko.

## Hatua ya 4: Sawazisha kihisi

Kihisi kinatoka kiwandani na upotofu wake. Kwa ADXL345 upande wa X na Y unaweza kupotoka hadi mg 150 (mg hapa ni sehemu moja ya elfu ya g, si miligramu), na Z hadi mg 250. Ukiweka kizingiti cha mg 300 juu ya kihisi kilichopotoka mg 250, umebakiwa na mg 50 za kupumulia. Mtetemo mdogo tu hewani unavunja ukimya, na mwanguko unapita bila kukamatwa.

Andika 0x0B kwenye rejista 0x31, kisha 0x0A kwenye 0x2C, kisha 0x08 kwenye 0x2D. Sasa kihisi kinapima mara 100 kwa sekunde, na kila hesabu moja (hatua moja ya namba unayosoma) ni mg 3.9, hivyo 1 g ni karibu hesabu 256.

Laza kibao kwenye meza iliyonyooka, Z ikitazama juu. Soma baiti sita kwa pamoja kuanzia 0x32 hadi 0x37: mbili za X, mbili za Y, mbili za Z, baiti ndogo ikitangulia. Zisome kwa mkupuo mmoja. Ukisoma baiti mojamoja, kipimo kipya kinaweza kuingia katikati na ukajikuta na nusu ya zamani na nusu ya mpya.

Chukua vipimo mia, tafuta wastani. Kilichotarajiwa ni 0, 0, 256. Tofauti igawe kwa 4, geuza alama, andika kwenye rejista za kusawazisha: 0x1E ya X, 0x1F ya Y, 0x20 ya Z. Tunagawa kwa 4 kwa sababu kila hesabu ya rejista hizo ni mg 15.6. Kwa mfano, X ikisoma wastani wa 20, andika −5.

Soma tena. X na Y zikae ndani ya hesabu 8 kutoka sifuri, na Z ndani ya 8 kutoka 256. Kisha kigeuze kibao kwa kila upande wa sanduku, mara sita. Kila mara upande mmoja tu uwe karibu na 256 au −256, na miwili iliyobaki iwe karibu na sifuri. Rejista hizi zinasahau umeme ukikatika, kwa hiyo hifadhi namba tatu hizo kwenye programu uziandike upya kila kifaa kinapowaka.

## Hatua ya 5: Weka vizingiti

Hapa ndipo pana utata, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza kilaze kihisi. Kubadilisha rejista huku kikipima kunazalisha ishara za uongo ambazo utazitafuta hadi macho yaume. Mpangilio wangu ni huu:

```
andika(0x2D, 0x00); // kilale kwanza
andika(0x31, 0x2B); // upana wa 16 g, ishara ishuke chini
andika(0x2C, 0x1A); // mara 100 kwa sekunde, umeme kidogo
andika(0x28, 0x07); // kizingiti cha ukimya
andika(0x29, 0x1E); // muda wa ukimya
andika(0x24, 0x80); // kizingiti cha kishindo
andika(0x27, 0x70); // kishindo upande wowote
andika(0x2F, 0x00); // ishara zote ziende INT1
soma(0x30); // futa ishara za zamani
andika(0x2E, 0x04); // ruhusu ukimya peke yake
andika(0x2D, 0x08); // anza kupima
```

Kizingiti cha ukimya. Kila hesabu ni mg 62.5, kwa hiyo 0x07 ni mg 437.5. Mtengenezaji anashauri mg 300 hadi 600. Kihisi kinadai pande zote tatu ziwe chini ya namba hii kwa pamoja, na hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo: kifaa kilichoshikwa, kilichowekwa mfukoni au kilicholala kwa pembe yoyote ile hakiwezi kutimiza sharti hilo kwa mg 437, maana 1 g hata ikigawanywa sawasawa pande tatu inaacha karibu mg 577 kila upande. Sasa unaona kwa nini 0x0A, ambayo ni mg 625, ni mtego. Kifaa kilichosimama kwa kona kinaweza kuonekana kinaanguka hali kimetulia tuli.

Muda wa ukimya. Kila hesabu ni ms 5. 0x1E ni 30, kwa hiyo ms 150. Badilisha kulingana na sentensi uliyoandika hatua ya kwanza.

Kizingiti cha kishindo. 0x80 ni 128, mara mg 62.5 ni 8 g. Kutembea, kukimbia na kuketi ghafla havifiki huko kwa kawaida. Kugonga sakafu ngumu kunapita mbali sana: kifaa kilichoanguka m 1 kinafika chini kikiwa na kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde, na kikisimamishwa ndani ya ms 1 wastani ni karibu 450 g.

Kutokana na hesabu hiyo, kihisi cha 16 g hakiwezi kukuambia kishindo kilikuwa kikubwa kiasi gani, kinakuambia tu kwamba kilikuwepo. Kipimo kinagonga dari na kubaki hapo. Mwenye kutaka kulinganisha mianguko kwa ukali atafute kihisi cha 200 g kama ADXL375, na asijaribu kukisia kutoka kwa hiki.

Kasi ya kupima. Kila mtu anayetaka kuokoa betri hushusha kasi hii kwanza, na hapo ndipo anapojiharibia. Kwa vipimo 100 kwa sekunde, ms 150 ina vipimo 15. Kwa vipimo 12.5 kwa sekunde, kila kipimo kiko ms 80 mbali na mwenzake, na ms 150 ina kimoja au viwili. Umeme unaookoa ni mdogo mno: katika hali ya umeme kidogo, kihisi kinakula takriban mikroampia 50 kwa vipimo 100, na takriban 34 kwa vipimo 12.5. Unauza macho kwa mikroampia 16.

## Hatua ya 6: Laza maikrokontrola, kihisi kibaki macho

Kihisi ndicho mlinzi wa zamu, maikrokontrola ilale usingizi mzito. Kama programu yako inamuuliza kihisi "umeanguka?" mara mia kwa sekunde, betri itaisha upesi.

Washa usingizi wa kina wa ATmega328P, zima kigeuzi cha analogi, na uruhusu pini ya 2 iiamshe inapokuwa chini. Tumia ishara ya kubaki chini, si ya kushuka, kwa kuwa ndiyo karatasi ya mtengenezaji inayoihakikishia kuamsha kutoka usingizi huo. Ndiyo sababu tuliandika 0x2B badala ya 0x0B: biti ya 0x20 inageuza ishara ya kihisi ishuke badala ya kupanda.

Onyo: ishara ikibaki chini, maikrokontrola itaamka, itaingia kwenye kazi ya dharura (interrupt, sehemu ya programu inayoitwa na ishara ya pini), itatoka, itaingia tena, bila mwisho. Jambo la kwanza ndani ya kazi hiyo liwe kuikata ishara ya pini. Kisha nje, soma rejista 0x30, ambayo inaifuta ishara upande wa kihisi. Ukisahau kuisoma, kifaa kitakamata mwanguko mmoja tu maishani mwake. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote niliyowahi kuyaona.

Utajua umefaulu ukikiinua kibao kilicholala sm 30 juu ya mto, ukakiachia, na taa ya majaribio ikawaka kabla hakijatua. Rudia mara tatu bila kuzima. Ikiwaka mara ya kwanza tu, soma aya iliyotangulia.

## Hatua ya 7: Andika wosia, kisha subiri kishindo

Hili silioni likielezwa mara nyingi, na limeniponza. Kifaa kikigonga chini, betri inaruka kwenye kishikio chake kwa milisekunde chache. Umeme unakatika, maikrokontrola inaanza upya, na kumbukumbu ya mwanguko inapotea. Kifaa kinaamka kikiwa hakijui lolote, na wewe unalaumu kihisi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni ile kapasita ya 100 µF, inayoziba pengo dogo. Ya pili ni kuandika wosia hewani: mara tu ishara ya ukimya inapokuja, andika baiti moja yenye maana ya "ninaanguka" kwenye EEPROM, kumbukumbu ya chipu isiyofutika umeme ukikatika. Baiti moja inachukua takriban ms 3.3, na muda upo. Mwanguko wa mezani ni ms 391, umetumia 150 kuthibitisha, umebakiwa na zaidi ya 240. Hata kwa sm 20 una ms 50 hivi mkononi.

Mfuatano kamili baada ya kuamka:

1. Andika wosia kwenye EEPROM.
2. Soma 0x30 kufuta ishara.
3. Andika 0x14 kwenye 0x2E, ili kihisi kianze kutega kishindo pia. Hatukukiruhusu tangu mwanzo kwa sababu kila mgongano mdogo ungeamsha maikrokontrola.
4. Kwa sekunde 1, soma 0x30 mara kwa mara. Biti ya 0x10 ikitokea, kishindo kimefika. Sekunde moja inatosha kabisa, maana hata mwanguko wa m 2 haufiki ms 640.
5. Andika matokeo, futa wosia, rudisha 0x2E kuwa 0x04, unganisha tena ishara ya pini, lala.

Kifaa kikiwaka na kukuta wosia haujafutwa, kihesabu kuwa mwanguko: umeme ulikatika katikati.

Ukimya bila kishindo maana yake kifaa kilidakwa au kilirushwa na kupokelewa. Kiandike kwa namba nyingine, usikitupe. Mtu anayeruka juu sm 30 akiwa nacho mfukoni yuko hewani karibu ms 500 kwenda na kurudi, na ukimya wake ni halali kabisa kifizikia. Kinachomtofautisha ni kutua kwa miguu, ambako ni laini.

Wengine huongeza sharti la tatu, kwamba kifaa kitulie baada ya kishindo. Mimi silipendi kama sharti. Kifaa kilichoanguka barabarani huokotwa haraka kuliko chochote, na sharti hilo linakifuta. Lipime ukitaka, liandike pembeni, lakini lisiwe na kura ya turufu.

EEPROM ya chipu hii imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 kwa kila baiti. Kwa mianguko ya kawaida hutafika huko, ila wakati wa majaribio hakikisha programu haiandiki ndani ya mzunguko usioisha.

## Hatua ya 8: Kifunge mahali panapofaa

Kifaa kinachoanguka hupinduka. Kikipinduka, kihisi kilicho mbali na kitovu cha uzito kinahisi nguvu ya kuvutwa nje, na ukimya unavunjika. Tuseme kihisi kiko sm 6 kutoka kitovu, na kifaa kinazunguka mara mbili kwa sekunde: kihisi kitasoma karibu 0.97 g, kana kwamba kiko mezani. Kwa umbali wa sm 1, mzunguko uleule unatoa 0.16 g tu, na kizingiti kinavumilia.

Kwa hiyo tafuta kitovu cha uzito. Weka kifaa kizima, pamoja na betri na kifuniko, juu ya ukingo wa rula mpaka kisimame bila kuegemea upande. Chora mstari. Kigeuze nyuzi 90, rudia. Mistari ikikutana, hapo ndipo pa kihisi, au karibu napo kadiri nafasi inavyoruhusu.

Kifunge kwa skrubu au gundi ngumu, karibu na sehemu ambayo bodi yenyewe imeshikiliwa. Utepe wenye sponji usiutumie: unameza kishindo, na bodi inaendelea kucheza juu yake hewani. Nyaya zifungwe pia.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa daftari

Anza na mto. Angusha mara kumi kutoka sm 20, kumi kutoka sm 50, kumi kutoka m 1, ukipima kwa rula. Kila mara andika: ukimya umekamatwa au la, kishindo kimekamatwa au la. Kati ya kumi hizo, tano kiachie kinyoofu na tano ukipe mzunguko kidogo kwa vidole, maana hakuna mtu anayeangusha simu kinyoofu.

Usishangae kishindo kikikosa kwenye kitu laini. Wastani wa nguvu ya kusimamishwa ni takriban urefu wa mwanguko ukigawanywa kwa kina kilichobonyea. Kutoka m 1 kwenye mto uliobonyea sm 5, ni kama 20 g, na utaiona. Kutoka sm 20 kwenye mto huohuo ni 4 g, na kizingiti cha 8 g hakitaitambua. Sidhani hilo ni tatizo, kwa sababu kifaa kilichotua hivyo hakijaumia. Ukitaka uhesabu na hiyo, shusha 0x24 hadi 0x40, yaani 4 g, na ujue kwamba wanaoruka kamba wataanza kuingia kwenye orodha yako.

Kisha majaribio ya uongo, ambayo ni muhimu kuliko ya ukweli:

- Kiweke mezani kwa nguvu mara ishirini.
- Panda na shuka ngazi nacho mfukoni.
- Ruka mara kumi.
- Kitupie ndani ya begi, ukisimama karibu.
- Kirushe juu kidogo na ukidake.

Mezani na ngazini visitoe ishara hata moja. Kuruka na kudaka vitoe ukimya bila kishindo. Begi ni la kujiamulia, kwa maana kwa kihisi huo ni mwanguko hasa.

Mwisho ndipo uende kwenye sakafu ngumu, kifaa kikiwa ndani ya kifuniko chake. Kihisi chenyewe kimetengenezwa kuvumilia hadi 10,000 g, kwa hiyo usikihofie. Hofia lehemu zako.

## Hatua ya 10: Pima umeme

Unganisha multimita mfululizo na betri. Anza na kipimo cha miliampia, subiri kifaa kilale, kisha uhamie mikroampia. Ukianza na mikroampia moja kwa moja, upinzani wa ndani wa multimita unashusha volti wakati maikrokontrola inawaka, nayo inajizima na kuwaka bila kikomo, na utadhani programu imeharibika.

Kikiwa kimelala, tarajia mikroampia 50 hadi 60 au karibu na hapo. Ukiona miliampia moja au zaidi, mtuhumiwa wa kwanza ni taa nyekundu ya bodi inayowaka muda wote. Iondoe kwa chuma cha kulehemu. Wa pili ni kirekebisha volti, cha bodi au cha kibao cha kihisi.

Namba hii inageuka kuwa siku kirahisi. Tuchukue mfano wa betri ndogo ya kidonge ya CR2032 badala ya AA zetu: ina takriban miliampia-saa 220. Kwa mikroampia 50 hiyo ni saa 4,400, kama miezi sita. Kama ulisahau biti ya umeme kidogo na kuandika 0x0A kwenye 0x2C, kihisi peke yake kinakula 140, na unabaki na siku 65.

Anayetaka miaka badala ya miezi ahamie ADXL362, inayokula mikroampia 1.8 tu kwa vipimo 100 kwa sekunde. Haina kitufe maalumu cha mwanguko: unatumia kitambuzi chake cha utulivu, kwa kipimo kamili, na vizingiti vilevile vya mg 300 hadi 600. Inazungumza SPI pekee, kwa hiyo nyaya za hatua ya pili zinabadilika. Na ina hali ya usingizi mwepesi inayokula nanoampia 270, ambayo inavutia sana kwenye karatasi. Usiitumie kwa kazi hii. Inapima mara 6 kwa sekunde, kila ms 167, na kifaa kilichodondoka kutoka sm 10 kinaweza kuwa kimeshatua kabla haijafumbua jicho.